Andika Ulichokiona

Kazi ya kwanza niliyopewa unovisini, yaani katika mafunzo ya utawa kabla ya nadhiri, ilikuwa kusoma kipimamvua. Kilikuwa silinda ya shaba iliyochimbiwa ardhini nyuma ya kikanisa, ndani yake faneli na chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, mmoja wetu alikwenda, akamimina maji ya chupa kwenye kipimo cha kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa maji, akasoma, akaandika. Sista mzee aliyekuwa na kazi hiyo kwa miaka mingi alinionyesha mara moja tu. Aliniambia nisome chini, pale maji yalipobonyea katikati, nisisome kingo, kwa sababu maji hushika kioo na kujinyanyua pembeni. Akaniambia pia kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya ardhi. Ukilikumbuka hilo, alisema, huwezi kuidharau milimita.

Nilikuwa na miaka 19. Wiki ya tatu nilichelewa kwenye zamu ya kufua. Saa tatu ikanikuta na mikono yenye povu. Nikatazama juu, mbingu kavu tangu jana yake, nikaingia ndani nikaandika 0.0.

Jioni yule sista alifungua daftari, akaniuliza, "Ulikwenda?"

Nikamjibu, "Sista, haikunyesha."

"Ulikwenda?"

Nikanyamaza. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sifuri yangu ili iendelee kusomeka, na pembeni akaandika: haikusomwa. Hakunipeleka kwa mlezi wala hakunipa adhabu. Aliniambia tu kwamba sifuri ni kipimo kama vipimo vingine, hupatikana kwa kwenda kuangalia. Aliyebaki kwenye karai la nguo hana sifuri. Hana kitu.

Natamani ningesema kwamba somo liliniingia siku ile. Nilikuja kulielewa miaka 18 baadaye, nikiwa mwalimu wa kemia ninayeheshimiwa, mbele ya wasichana 32, na aliyenielewesha alikuwa mmoja wao.

Kwanza niseme nilifikaje darasani. Sikuomba kufundisha sayansi. Nilitamani uuguzi, kwa sababu masista wa kwanza niliowaona maishani walikuwa wauguzi, na kwangu utawa na kitanda cha mgonjwa vilikuwa kitu kimoja. Baada ya nadhiri za kwanza, Mama Mkuu aliniita akaniambia shule zetu hazina mwalimu wa kemia, na alama zangu za hesabu ni nzuri. Aliniuliza naonaje. Nilimweleza ukweli wangu wote, na alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma chuo kikuu. Nililia usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwenye Masifu, sala yetu ya pamoja ya asubuhi na jioni, kama kawaida, na macho yaliyovimba.

Watu huuliza sana habari za nadhiri ya utii, na wengi huuliza kwa huruma, kana kwamba mtawa ni mtu aliyenyang'anywa kichwa chake. Ndivyo nilivyoiona na mimi kwa muda. Ila lugha yetu ina hekima hapa. Mtoto asiyetii tunasema hasikii. Kutii ni kusikia. Hata neno la Kilatini ambalo Kanisa hulitumia limetokana na kusikiliza. Na nilipoingia maabara nilikuta mahali ambapo usipokuwa msikivu hupati chochote. Chumvi iliyo kwenye bikari haijali cheo chako, haijali umefunga siku ngapi au una haraka kiasi gani. Inayeyuka kwa kiwango chake na kwa joto lake. Wewe kaa, tazama, andika. Polepole nikaanza kuona kwamba Mama Mkuu hakunitoa kwenye utawa alipokuwa akinituma huko.

Chuoni nilikuwa peke yangu mwenye shela. Wiki ya kwanza fundi wa maabara alinisimamisha mlangoni, akaniambia kwa heshima kwamba kitambaa kinachoning'inia karibu na moto wa Bunsen ni hatari, na kama kimefumwa kwa nyuzi za kutengeneza kinaweza kuyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Alikuwa na haki kabisa. Tangu siku hiyo nilivaa shela fupi ya pamba, nikaifunga nyuma na kuichomeka ndani ya kola ya koti jeupe, na hivyo ndivyo nilivyofanya mpaka siku ya mwisho ya kufundisha. Wenzangu waliponizoea waliacha kunyamaza ninapoingia. Tulifanya mitihani ileile, tukachoka uchovu uleule.

Miaka ya malezi ni mirefu kuliko watu wanavyodhani. Kuna upostulanti, yaani kipindi cha utangulizi, kuna unovisi, kisha nadhiri za muda, ambazo kwa sheria ya Kanisa hazipungui miaka 3 na kwa kawaida hazizidi 6, ingawa zinaweza kurefushwa hadi 9. Ndipo nadhiri za daima. Mimi niliweka zangu za daima nikiwa tayari nina shahada na darasa langu. Mshahara uliingia kwenye mfuko wa jumuiya, na sikuwa na kitu cha kuita changu. Hadubini niliyoipenda kuliko vyote haikuwa yangu, wala vitabu. Sikuona uzito katika hilo.

Siku zangu zilifanana. Kengele saa kumi na moja kasoro alfajiri, tafakuri, Masifu, Misa, chai, shule. Jioni Masifu tena, chakula, kusahihisha madaftari. Usiku kabla ya kulala tunasali Sala ya Mwisho wa Siku, na ndani yake tunanyamaza kidogo kila mtu ajichunguze dhamiri. Naomba msomaji alikumbuke hilo la kujichunguza. Nilijichunguza kila usiku kwa miaka ile 18. Niliungama hasira, wivu, uvivu wa sala, maneno makali kwa mpishi. Kosa nitakalolieleza sasa halikunijia akilini hata usiku mmoja.

Ilikuwa wiki ya majaribio ya vitendo. Jaribio lenyewe ni la kawaida kabisa, kila aliyesoma kemia analijua. Unachukua mililita 25.0 za haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, kwa pipeti, mrija wa kupimia, unaziweka kwenye chupa ya koni, unatia matone mawili ya fenolftaleini, kiashiria kinachoonyesha kwa rangi kama alkali ingalipo, maji yanageuka ya waridi. Kisha unaachilia asidi hidrokloriki kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye alama za vipimo na koki chini, tone kwa tone mwishoni, mpaka ule uwaridi unapotea. Unasoma asidi iliyotumika. Unarudia mara tatu.

Nilikuwa nimetengeneza miyeyusho yote miwili kwa nguvu sawa, hivyo jibu lilijulikana: mililita 25 za asidi kwa mililita 25 za alkali. Na niliwaambia. Kabla hawajaanza niliandika ubaoni, "Mtapata karibu 25.0," ili asiyefika pale ajue amekosea mahali. Niliona huo ni msaada.

Wasichana 31 walileta majibu kati ya 24.8 na 25.2. Mmoja alileta 23.6, 23.5, 23.6.

Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mwandiko mdogo sana. Nilimrudishia daftari, nikamwambia arudie. Akarudia. 23.6. Nikamwambia anaacha mapema, rangi haijaisha. Akaniambia, "Sista, rangi imeisha. Njoo uone."

Sikwenda kuona. Kulikuwa na madaftari 31 mezani yanayosema 25, na kengele ilikuwa karibu kupigwa. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Ongeza umakini," nikampa alama 4 kati ya 10. Wengine walipata 9 na 10. Akachukua daftari lake, akasema, "Asante, Sista," akatoka.

Jumamosi nilikuwa maabara peke yangu nikiandaa jaribio la darasa jingine, na nilihitaji kuhakikisha nguvu ya ile alkali. Nikapima mwenyewe. Uwaridi ukapotea nikiwa nimefika 23.6.

Nikadhani nimekosea. Nikaosha vyombo, nikarudia. 23.6. Nikarudia tena polepole, karatasi nyeupe chini ya chupa ili niione rangi vizuri. 23.5. Nilihisi baridi mgongoni. Nikabadilisha kiashiria, nikatumia metili ya chungwa badala ya fenolftaleini. 25.0.

Hapo nikaelewa. Haidroksaidi ya sodiamu hunywa hewa ya ukaa. Ukiiacha kwenye chupa isiyozibwa vizuri, hewa ya ukaa inaingia kidogokidogo na kugeuza sehemu ya haidroksaidi kuwa kaboneti. Kaboneti inapokutana na asidi hupita hatua mbili: kwanza inakuwa bikaboneti, kisha ndipo inamalizika. Fenolftaleini hupoteza rangi baada ya hatua ya kwanza, kabla asidi yote haijatumika. Metili ya chungwa inangoja mpaka hatua ya pili. Ndiyo sababu kiashiria kimoja kilisema 23.6 na kingine 25.0, na vyote viwili vilisema kweli. Nilikuwa nimeitengeneza alkali ile mwanzoni mwa muhula na kuizibia kizibo kilicholegea. Haikuwa tena kile kilichoandikwa kwenye lebo. Yule binti alikuwa amepima kilichokuwa ndani ya chupa. Mimi nilikuwa nimesahihisha lebo.

Kisha likanijia lile lililoniumiza zaidi. Ikiwa alkali ilikuwa imeharibika, iliharibika kwa wote. Wasichana 31 waliona uwaridi ukipotea kwenye 23.6, wakaandika 25. Waliona kwa macho yao kitu kimoja na mikono yao ikaandika kingine, kwa sababu mwalimu wao, sista, mtu anayesali mara tano kwa siku, alikuwa ameandika ubaoni jibu analolitaka. Niliwafundisha kusema uongo, na nikawapa alama 10 kwa uongo huo. Aliyekataa nilimwadhibu.

Nilikaa kwenye stuli ya maabara mpaka kengele ya Masifu ya jioni, na sikuinuka. Ni mara ya pekee niliyokosa Masifu nikiwa mzima. Nilikuwa nasikia sauti ya yule sista mzee, aliyekwisha kufariki wakati huo: Ulikwenda?

Jumatatu niliweka chupa ile mezani mbele ya darasa. Nilieleza habari ya hewa ya ukaa, nikapima mbele yao kwa viashiria vyote viwili, na waliona wenyewe. Kisha nikasema kwamba mmoja wenu alipata jibu sahihi, akaniita nije nione, nikakataa, na namwomba radhi mbele yenu. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tena. Baada ya muda msichana wa mstari wa mbele akaanza kulia. "Sista," alisema, "ulisema itakuwa 25." Nikamwambia ni kweli, nilisema, na kosa ni langu kabla halijawa lake.

Yule binti mwenyewe hakulia wala hakutabasamu. Alinyoosha mkono. Aliomba apewe metili ya chungwa arudie jaribio lake, kwa kuwa hakuwahi kuijaribu. Nilimpa. Nilikwenda nikasimama pembeni yake, na safari hii nilitazama.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo kadhaa, ingawa sikuweza kubadilisha yote. Niliacha kutaja jibu kabla ya jaribio. Nilipiga marufuku vifutio maabara: anayekosea apige mstari mmoja, kilichofutwa kisomeke. Vipimo vya kila mtu viliandikwa ubaoni, na kile kilicho mbali na vingine tulikijadili kwanza, kwa heshima, kana kwamba ni mgeni aliyeleta habari. Nusu ya alama ilikuwa ya kuandika kwa uaminifu. Wasichana walihitaji karibu mwaka mzima kuamini kwamba nilimaanisha.

Ilikuwa na gharama. Mitihani mingi ya vitendo husahihishwa kwa kulinganisha kipimo cha mwanafunzi na kipimo cha mwalimu. Aliye karibu na mwalimu anapata alama zote. Mwanafunzi aliyezoea kuandika alichokiona akikutana na vifaa vibovu siku ya mtihani anaweza kupoteza alama ambazo mjanja angezipata. Kuna mwaka ambao hilo lilitupata, na wazazi wawili walikuja kuniuliza kwa nini nawafundisha watoto wao kufeli. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, na hata leo sina. Niliwaambia ninachoamini: atakayekuwa muuguzi ataandika joto la mgonjwa, na atakayekuwa mhandisi ataandika unene wa nguzo, na siku hiyo hakutakuwa na mwalimu wa kulinganishwa naye. Mama mmoja alielewa. Baba wa mtoto wa pili aliondoka na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki pia, kwa kuwa mtoto wake alihitaji alama zile.

Katika miaka hiyo nilimtegemea sana Gregor Mendel. Nilipenda kuwaambia wasichana kwamba kanuni za urithi ziligunduliwa na mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, kwenye bustani ya monasteri mjini Brno, akipanda njegere kuanzia mwaka 1856 hadi 1863. Niliwaandikia hesabu yake ya punje. Vitabu vya shule husema tu uwiano ni 3 kwa 1. Mendel hakuandika hivyo peke yake; aliandika kwamba katika kizazi cha pili alihesabu punje 5,474 za duara na 1,850 zenye makunyanzi. Gawanya mwenyewe, niliwaambia, utapata 2.96. Hakuikaza ifike 3. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, na ulimwengu haukuitilia maanani mpaka 1900, wakati yeye alikuwa amefariki tangu 1884. Nilimfanya kielelezo changu: mtawa aliyeandika alichokiona.

Ndipo mwanafunzi wangu wa zamani, wakati huo yuko chuo kikuu, aliponitembelea akaniuliza kama najua habari ya Fisher. Sikuijua. Alinieleza kwamba mwaka 1936 mtaalamu wa takwimu Mwingereza, Ronald Fisher, alizipitia hesabu za Mendel zote kwa pamoja na kuona kwamba ziko karibu mno na zile zinazotarajiwa. Ukirusha sarafu mara nyingi hupati nusu kwa nusu kila safari, bahati hutikisika. Za Mendel hazikutikisika vya kutosha. Fisher hakumwita mwongo. Alidhani huenda palikuwa na msaidizi wa bustani aliyejua vizuri mno bwana wake anatarajia kupata nini.

Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Msaidizi aliyejua bwana wake anatarajia nini. Niliwaona wasichana wangu 31.

Wanasayansi wameibishania hoja hiyo kwa miongo mingi, na wapo waliomtetea Mendel kwa sababu nzuri. Kanuni zake zenyewe zimesimama. Lakini sikuweza kuendelea kumfundisha kama nilivyokuwa nikimfundisha. Muhula uliofuata niliwapa wasichana vyote viwili, hesabu za Mendel na shaka ya Fisher, nikawaacha wabishane. Nilimpenda Mendel zaidi baada ya hapo. Mtakatifu wa sanamu hawezi kukufaa maabara.

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu njegere. Kila mwaka, mara nyingi kutoka viti vya nyuma, mtu huuliza, "Sista, Mungu aliumba kwa siku 6, na kitabu chetu kinasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Wewe unaamini kipi?" Mwanzoni nilijibu haraka, kwa woga, nikikimbilia kusema Mwanzo si kitabu cha fizikia. Ni kweli, na Kanisa halilazimishi mtu kuzisoma siku zile kama saa 24. Ila jibu la haraka lilikuwa na kasoro. Kwa muda fulani nilikwenda mbali zaidi, nikawaambia kwamba mlipuko mkuu, ule ambao wanasayansi wanasema ulimwengu ulianza nao, ni ushahidi wa uumbaji: mnaona, hata sayansi imekiri kuna mwanzo! Wasichana walifurahi. Nami nilifurahi.

Aliyenirekebisha ni padre, kwa maandishi. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyetoa mwaka 1927 hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia katika kitu kimoja kidogo alichokiita atomu ya asili. Angekuwa mtu wa kwanza kushangilia. Lakini Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi mpya imeuthibitisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini. Anayeamini na asiyeamini wote wako huru mbele yake. Ilikuwa nadharia ya fizikia, na kesho vipimo vingeweza kuibadilisha. Je, imani ibadilike nayo?

Niliposoma habari hiyo nilijua nimerudi kwenye chupa yangu ya alkali. Nilikuwa na jibu nililolipenda, na nilikuwa naulazimisha ulimwengu ulitoe. Kwamba jibu lenyewe lilikuwa la kidini halikunipa ruhusa. Tangu hapo mtoto akiniuliza nilimjibu hivi: naamini Mungu ameumba kila kitu, na sikuipata imani hiyo kwenye darubini, na naamini ulimwengu una miaka bilioni 13.8 kwa sababu watu wamepima, na wakipima vizuri zaidi nitaibadilisha namba hiyo kwa furaha. Wengine waliliona jibu hili halitoshi. Wawili watatu walikuja baada ya kipindi kuniambia wameacha kusali. Sikubishana nao. Niliwauliza wameona nini, nikasikiliza.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama kuna sista yeyote ambaye jina lake limo kwenye historia ya sayansi, maana wote niliowataja walikuwa wanaume. Aliniumbua kwa haki. Nilikwenda kutafuta, nikarudi na Mary Kenneth Keller, mtawa Mmarekani aliyepata shahada ya udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1965, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake kuipata. Baadaye sana nikasoma juu ya masista wanne waliofanya kazi kwenye kituo cha anga cha Vatikani kati ya 1910 na 1921: Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri. Walikaa mbele ya sahani za kioo zilizopigwa picha za anga, mmoja akiinamia hadubini na kusoma mahali ilipo kila nyota, mwenzake akiandika. Nyota karibu nusu milioni. Majina yao yalisahauliwa kwa karibu miaka mia, mpaka yalipokutwa kwenye makaratasi ya kituo.

Huwa nawawazia wale wanne. Nusu milioni. Katika nusu milioni ni lazima kulikuwa na alasiri ambazo macho yaliuma na nyota inayofuata ilionekana kuwa dhahiri, na ingewezekana kuandika bila kuangalia. Hakuna ambaye angejua. Sijui mtu anayeweza kuniambia kwamba kazi ile haikuwa sala.

Nimestaafu sasa. Magoti yananisumbua, na sikio la kushoto halisikii vizuri. Yule binti wa 23.6 ni mwanamke mzima, anafanya kazi kwenye maabara inayopima usalama wa maji ya kunywa. Huja kuniona mara moja moja. Tuliwahi kuzungumza juu ya siku ile mara moja tu, naye aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: usiku ule wa alama 4 alikuwa ameamua kwamba safari nyingine ataandika 25. Alikuwa ameshaamua. Kama ningechelewa wiki moja, angekuwa wa 32.

Nilipostaafu, Mama Mkuu aliniuliza ningependa kazi gani ndogo jumuiyani. Nikaomba kipimamvua. Si kile cha shaba, kile kilioza zamani; hiki ni cha plastiki, lakini saa ni ileile. Novisi mmoja huja nami kunisaidia kuinama. Wiki iliyopita ilikuwa kavu siku zote saba, na siku ya tano aliniuliza kwa upole kama ni lazima twende, jua linawaka namna hii, na mguu wangu umevimba.

Nikamwambia anishike mkono. Tulikwenda. Ndani ya chupa, chini kabisa, kulikuwa na umande kidogo, hata haukufika mstari wa kwanza. Tuliinama wote wawili, tukasoma, na nikampa kalamu aandike yeye.